Mwaka Kule Walipotwaa Ubingwa

Mwezi uliopita nilimkuta mwanangu ameanika betri za rimoti dirishani. Hajawahi kumwona mtu akifanya hivyo. Nilipomuuliza alisema ameamua tu. Nikazichukua ili nizitupe, zikawa za moto mkononi, na harufu yake ikanipanda puani, harufu ya chuma kilichopata jua, yenye uchachu kidogo. Sikuzitupa. Nilikaa nazo kwenye kochi kwa muda ambao mtoto aliuona mrefu mno, akaniuliza kama naumwa.

Mama yangu alikuwa akianika betri za redio kila Jumamosi asubuhi, juu ya bati la banda la kuku, nyumbani kwetu Msamala. Wenye umri wangu wanazikumbuka betri zile nene, ambazo zikichoka hazikutupwa, ziliombwa zijitahidi tena. Zikipata jua la siku nzima zilitosha kusikilizia kipindi kimoja kirefu, na kimoja ndicho alichokihitaji. Mama hakuwa mtu wa redio. Taarifa ya habari ilimchosha, na muziki alisema unamaliza betri bure. Alichokuwa akikisikiliza ni ligi kuu ya Uingereza.

Nieleze ilivyotokea. Baba alikuwa amefariki nikiwa bado nanyonya, na mama alibaki na sisi wawili: kaka yangu Osmund, mzaliwa wa kwanza, na mimi, niliyefuata baada ya nafasi ndefu ya watoto waliokuja wakaondoka. Ilikuwa ile miaka maduka ya Songea yalipoanza kujaa vitu, na watu wakaanza kukosa hela ya kuvinunulia. Ushirika ulikuwa unakufa taratibu, mahindi yakinunuliwa na watu binafsi waliokuja na malori yao na mizani yao. Mama aliuza mitumba sokoni. Osmund alimaliza shule, akakaa nyumbani, akachoka kukaa, akapanda basi kwenda Dar es Salaam. Huko, kama vijana wengi wa wakati ule, akazamia. Kuzamia maana yake ilikuwa kujificha kwenye meli na kushukia nchi yoyote ambayo meli imeamua kwenda.

Tulipata habari zake mara moja tu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa akibeba mizigo bandarini alikuja likizo, akasema baharia fulani alimwambia kwamba Osmund alishuka Uingereza salama na kwamba alikuwa anaelekea mji fulani wenye viwanda vya nguo, ambako kulikuwa na kazi. Habari ilikuwa imepita midomo miwili mitatu kabla ya kufika sebuleni kwetu. Mama aliipokea kama imetoka kwa Osmund mwenyewe. Jina la mji huo silitaji hapa, wenye timu yao wasije wakanidai sherehe. Mama mwenyewe hakuweza kulitamka, lilimgonga kwenye meno, kwa hiyo nyumbani tuliuita Kule. Kule kuna baridi. Kule watu wanalala mapema. Tulisema hivyo tukiwa hatujui lolote, na tulisema kwa uhakika kabisa.

Baada ya hapo hatukusikia kitu. Mimi nilikuwa na njia yangu ya kutafuta habari. Mama alipofungua mzigo mpya wa mitumba, nilikuwa wa kwanza kutia mikono mifukoni mwa makoti na suruali, kwa sababu nilijua nguo zile zinatoka Ulaya na niliona ni jambo la kawaida kwamba Osmund, akijua mama yake anauza mitumba, angetuma ujumbe kwa njia hiyo. Nilipata vijiti vya kuchokolea meno, tiketi zilizofuliwa na mara moja kitufe kizuri. Mama alidhani natafuta hela. Sikumsahihisha, kwani nilitaka kumshtukiza.

Aliyetuletea ligi ni mpangaji wetu, Mwalimu Athumani, mtu wa Lindi, aliyepangiwa kufundisha shule ya msingi ya kwetu akakodi chumba cha mbele. Alikuwa Mwislamu katika mtaa wa Wakatoliki, na alikuwa mpenzi wa mpira katika nyumba ya wanawake wawili, na yote mawili aliyachukulia kwa upole. Alishabikia timu moja kubwa ya Uingereza yenye jezi nyekundu, tangu alipokuwa chuo cha ualimu. Jioni moja alipita uani akamkuta mama akisema habari za Kule, akauliza ni wapi, nikamtajia jina lenyewe, akaduwaa. Akamwambia mama kuwa mji huo ana habari nao sana. Una timu, na mwaka huo timu hiyo ilikuwa juu ya wote, juu hata ya timu yake.

Mama hakuuliza timu inachezaje. Aliuliza watu wanaokwenda kuitazama ni wengi kiasi gani.

"Maelfu, mama," mwalimu akasema.

"Wa mjini hapohapo?"

"Wengi wao wa hapohapo."

"Basi Jumamosi nifungulie hiyo redio."

Ndivyo ilivyoanza. Redio ilikuwa ya marehemu baba, kubwa, imevikwa kitambaa alichokifuma mama. Mwalimu aliunganisha antena yake na waya uliopita dirishani hadi kwenye mti wa mpera. Saa kumi na mbili jioni, wakati Waingereza wanaanza mpira wao mchana, sisi tulikuwa tumekwishafunga kuku na kuwasha kandili. Mtangazaji alisema Kiingereza kwa haraka, sauti ikienda na kurudi, na mwalimu alitufasiria. Alikuwa mfasiri mwaminifu, ila timu yake ikitajwa alipunguza mwendo. Mimi nilikariri majina ya wachezaji. Mama alikuwa na kazi moja tu ya kuuliza mwanzoni: "Leo wako kwao au ugenini?" Wakiwa ugenini alikuwa anaendelea na kazi zake, akipitapita. Wakiwa kwao alivuta kigoda, akakaa na sikio karibu na kitambaa, na mwalimu akizidisha maneno alimwambia, "Mwalimu, hebu nyamaza kidogo, nisikie watu."

Alikuwa anasikiliza watu. Nyuma ya mtangazaji kulikuwa na ule uvumo wa uwanja, unaopanda na kushuka, na humo mama alikuwa akimtafuta mwanawe. Mwalimu alilitambua hilo siku ya kwanza, kwa hiyo alikuwa akinyamaza. Mimi sikulitambua. Nilidhani mama amekuwa shabiki, na nikawa shabiki pamoja naye.

Baada ya Krismasi alikuja Baba Mkubwa Gaspari kutoka Maposeni. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu baba, mkulima wa mahindi, na tangu baba afariki yeye ndiye aliyesimama kama mkuu wetu. Alikuja kwa baiskeli, na kuku mmoja mkononi, jambo lililoonyesha kwamba ana neno. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitania kama kawaida yake. Walizungumza sebuleni, mimi nikiwa nachambua maharage mlangoni, na hakuna aliyenifukuza.

Alisema ameota mara kadhaa. Osmund anasimama mlangoni pa nyumba ya Maposeni, amelowa, anatetemeka, anauliza kwa nini hawajamfunika. Mjukuu mmoja wa Baba Mkubwa alikuwa anaumwa ugonjwa usiojulikana. Ukoo ulikuwa umekaa na kuona kwamba kijana yule alifia majini zamani, na kwamba mtu asiyezikwa hatulii wala hawaachi wengine watulie. Kwetu, mtu akipotea na mwili usionekane, hukatwa mgomba wa urefu wake, ukavalishwa sanda, ukazikwa, na watu wakamlilia, na mambo yakaisha. Baba Mkubwa alitaka wafanye hivyo. Aliongea taratibu, nusu Kiswahili nusu Kingoni, na naweza kusema leo kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kuota.

"Shemeji," mama akamwambia, "huyo mtoto yuko Kule. Habari za Kule nazipata kila Jumamosi."

"Habari gani?"

"Wanashinda."

Baba Mkubwa alisimama. Akamwita mwalimu kutoka chumbani kwake, akamuuliza kama ni kweli kuna habari. Mwalimu aliona mtego uko wapi. Akasema ni habari za mpira, mzee, lakini ni za mji huohuo, na ligi yenyewe itaisha mwezi wa tano. Mama akalidaka hilo. Akasema kabla mahindi hayajavunwa msiba hauwezekani hata hivyo, watu wangekula nini? Wangoje basi ligi ya Kule iishe. Ikiisha, atatoa neno lake yeye mwenyewe, na neno hilo hatalirudisha.

Baba Mkubwa alikubali, kwa sababu ya mahindi zaidi kuliko kwa sababu ya ligi. Alilalamikia bei ya mbolea kidogo, akaondoka.

Nami pale mlangoni, na ungo wangu wa maharage, nilikuwa nimeelewa kila kitu. Nilielewa kwamba wakubwa wamewekeana sharti. Kule wakichukua ubingwa, Osmund ni mzima. Wakishindwa, Osmund atakuwa amekufa, na atazikwa Maposeni baada ya mavuno. Sikuona ajabu yoyote katika jambo hilo. Wakubwa walikuwa na mambo mengi yaliyoamuliwa mbali na sisi kwa njia tusizozijua, bei ya mbolea ikiwa mojawapo. Kilichonishangaza ni jinsi mama alivyoweza kula.

Kuanzia hapo niliishi na msimamo wa ligi. Mwalimu alinifundisha kuhesabu pointi, na naamini hesabu zangu za kujumlisha na kutoa zilitengemaa mwaka huo kwa hofu. Kule walikuwa juu, timu ya mwalimu ilikuwa nyuma yao, na Jumamosi ambayo wote walishinda ilinipa wiki nzima ya kupumua. Mwalimu timu yake ikifunga bao alitoka kwenda kunywa maji mtungini. Alikunywa maji mengi sana msimu ule. Mwanzoni sikujua kwa nini, na nilipojua nilimchukia kwa siku mbili, halafu nikashindwa, kwa sababu alikuwa akinichongea penseli.

Osmund mwenyewe nilimkumbuka kidogo. Nilikumbuka kukaa mbele yake kwenye baiskeli, kidevu chake kikigonga utosi wangu kwenye mashimo. Nilikumbuka anapenda ukoko wa wali. Sauti yake sikuikumbuka hata kidogo, na sikujua kwamba hilo ndilo lililokuwa na maana.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu tulipata pigo ambalo hatukulitarajia. Jumamosi moja Kule walikuwa kwao. Mama alifunga biashara mapema, betri zilikuwa zimeiva, kigoda kimewekwa. Saa kumi na mbili tukafungua redio, na kipindi cha pili kilikuwa kinaanza. Nusu ya mpira ilikuwa imekwisha bila sisi. Mwalimu alijipiga kofi kwenye paji la uso, akasema amesahau, Waingereza wakikaribia kiangazi huwa wanasogeza saa zao mbele. Mama alimwomba arudie. Alimwomba tena. Alielewa maneno, alichokataa ni tabia yenyewe.

"Saa ni saa," akasema. "Watu wazima wanaihamishaje bila kumwambia mtu?"

Alikasirika wiki nzima, nami nilidhani amekasirika kwa sababu mchezo ule waliambulia sare. Alikuwa amenyang'anywa saa nzima ya kumtafuta mtoto wake, na michezo ya nyumbani iliyobaki ilikuwa ya kuhesabika.

Mwezi wa nne Kule walianza kuyumba. Walifungwa ambapo hawakupaswa kufungwa, na timu ya mwalimu ikawasogelea. Nililala vibaya. Alhamisi moja jumuiya yetu ya kanisa ilisali nyumbani kwetu, majirani wamejaa sebuleni na wengine wamekaa kwenye jamvi uani, na ulipofika wakati wa maombi ya kila mtu, watu waliombea mvua isizidi, waliombea wagonjwa, waliombea marehemu wa kila nyumba. Mimi sikuwahi kuomba kwa sauti mbele ya watu. Nikasikia sauti yangu inasema: "Tuwaombee vijana wa Kule, ambao Jumamosi hii wako ugenini, wapate walau sare. Ee Bwana."

Vichwa viligeuka kunitafuta. Kisha jumuiya nzima ya Msamala, wazee kwa vijana, ikajibu, "Utusikie."

Mwenyekiti wa jumuiya alimuuliza mama baadaye ni vijana wangapi wa ukoo wetu walioko ughaibuni, maana alikuwa akijua mmoja tu. Mama alisema ni kumi na mmoja na wachache wa akiba. Mwalimu, aliyekuwa chumbani kwake na ukuta mwembamba, alicheka hadi tukamsikia. Asubuhi akaniambia mambo yamekuwa mazito, na yeye itabidi akasome dua msikitini, tuone. Sikuona kichekesho. Nilimwomba asisome. Aliniangalia usoni, akaacha kucheka, akaniahidi kwamba hatasoma, na kwa jinsi ninavyomjua hakusoma.

Jumamosi hiyo walipata sare.

Mchezo wa mwisho wa nyumbani mama aliusikiliza wote tangu mwanzo, maana sasa tulikuwa tunafungua redio saa kumi na moja. Alifumba macho. Kila bao lilipoingia uwanja ulilipuka, na mama alikaza mkono wake kwenye goti, akageuza kichwa kidogo, upande huu, upande ule. Mchezo ulipokwisha alibaki amekaa. Mwalimu akamuuliza, kwa sauti ya chini, "Vipi, mama?" Akajibu kwamba redio ilikuwa inakoroma mno leo. Mimi nikamwambia kwa furaha tumeshinda, na akanipapasa kichwani.

Ligi iliisha Jumapili. Kule walikuwa wanacheza ugenini, na timu ya mwalimu nayo ugenini kwingine, na tofauti ilikuwa pointi mbili. Mwalimu alinieleza mapema: Kule wakishinda, basi. Wakifungwa na timu yake ikashinda, ubingwa unakwenda kwake. Tulikaa watatu, jiko la mkaa katikati kwa sababu baridi ya Songea ilikuwa imeanza. Mtangazaji alikuwa anarushwa huku na huko kati ya viwanja viwili. Kule walitangulia kufunga. Halafu wakasawazishiwa. Halafu, dakika za mwisho kabisa, wakafungwa la pili.

Nililia. Sikulia kwa kelele. Machozi yalitoka tu na nikayaacha. Nilikuwa nafikiria mgomba. Nilijua ulipo, nyuma ya nyumba ya Maposeni, na nilikuwa nimewahi kucheza chini yake. Mwalimu aliinua kiganja kama anamzuia mtu asipite, sikio limeshikana na redio. Alikaa hivyo muda. Kisha akavua kofia yake, akaiweka gotini.

"Wa kwangu wametoka sare," akasema. "Wameshindwa kufunga. Kule wamefungwa, lakini ndio mabingwa."

Ilibidi aniambie mara mbili kwamba mtu anaweza kufungwa na kutwaa ubingwa siku hiyohiyo. Nilipoelewa niliruka. Nilizunguka uani nikiimba majina ya wachezaji wote, kuku wakalalamika. Osmund alikuwa mzima. Nilimrudia mama nikamkumbatia shingoni, na nilishangaa kuona shingo imekaza.

"Hizo kelele ni za wenyeji wao," alikuwa akimwambia mwalimu. "Za Kule tutazisikia lini?"

Mwalimu akasema kesho. Kesho watalizungusha kombe mjini kwao, juu ya gari la wazi, na mji mzima utatoka, mzee kwa mtoto, hata wasiojua mpira. Matangazo ya Kiswahili ya jioni hayataacha kulisema.

Jumatatu mama hakwenda sokoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuona betri juani siku ya Jumatatu. Alizigeuza mwenyewe kila jua liliposogea. Jioni, mwalimu alipoipata redio, mama hakukaa kwenye kigoda. Alisimama, mkono mmoja ukutani. Zilisomwa habari za vita, za mkutano, za bei ya kahawa, halafu michezo. Mwandishi wao alikuwa barabarani, Kule kwenyewe, akisema kwamba hajapata kuona umati kama huo, kwamba watu wamepanda juu ya kuta na mapaa. Kisha akanyamaza ili tusikie. Kelele zilijaa sebuleni kwetu. Watu waliimba, wakapiga honi, watoto wakapiga mayowe, na redio, sijui kwa nini, jioni hiyo haikukoroma hata kidogo. Ilisikika safi kama wako barabarani pale nje. Halafu wakahamia riadha.

Mama alizima redio mwenyewe.

"Hayumo," akasema.

Mwalimu alisema wale ni maelfu, mama, hakuna anayeweza kumsikia mtu mmoja katika maelfu. Alilisema kwa heshima, kama mtoto wa kumzaa. Mama akanielekezea kidole.

"Kanisani wanaimba watu mia ngapi? Na mimi niko mbele na wanawake wenzangu. Huyu akifumba mdomo tu huko nyuma, najua." Akashusha mkono. "Mji wote umetoka, mwalimu. Wote. Angekuwepo angetoka, yule hakuwahi kukosa kelele hata moja. Kesho nakwenda Maposeni kumwambia shemeji."

Nilisimama katikati yao. Nilihisi kuna kosa limefanyika, na kwamba nikilieleza vizuri litarekebishwa.

"Lakini mama, wameshinda," nikasema.

"Wameshinda, mwanangu," akasema. "Wameshinda wao."

Mpaka leo sijui kama Osmund alifika Kule, au kama alifika popote. Yule kijana wa bandarini alirudi miaka iliyofuata, na alipoulizwa tena hakuwa na uhakika hata na jina la baharia. Huenda Baba Mkubwa alikuwa sahihi tangu mwanzo. Huenda kaka yangu ni mzee sasa mahali fulani, ana wajukuu wasiojua Kiswahili. Nimekaa na mawazo hayo mawili muda mrefu, yamezoeana, na sina haja ya kuyaamua.

Msiba ulikuwa baada ya mahindi kuingia ndani. Padre alisoma misa ya kumwombea. Habari ya mgomba hakuambiwa, naye hakuuliza. Baba Mkubwa aliukata alfajiri. Alimuuliza mama urefu, na mama akasimama, akanyoosha kiganja juu kidogo ya kichwa chake, akafikiri, akakipandisha tena, kwa kuwa vijana huendelea kurefuka. Kabla ya sanda alitoa shati alilolichagua kwenye mzigo mpya, la mikono mirefu, la kitambaa kizito. Alisema Kule kuna baridi. Hakuna aliyembishia, ingawa yeye ndiye aliyekuwa amesema Osmund hayuko Kule.

Mama hakulia. Wanawake wa Maposeni walilia, kwa zamu na kwa ustadi wao, na walikuwa wakimtazama pembeni wakimngoja. Alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kanga kichwani, macho makavu. Alikuwa hivyo tangu Jumatatu ile. Watu walianza kunong'ona kwamba si vizuri.

Kaburini ilisomwa historia ya marehemu. Kwa desturi angeisoma mtu wa ukoo, lakini Baba Mkubwa alimpa mwalimu, akisema amesahau miwani, ingawa hakuwa na miwani wala hakuwahi kuihitaji. Mwalimu Athumani alisimama juu ya udongo mwekundu na kofia yake iliyodariziwa kwa mkono, Mwislamu peke yake katika umati ule, akasoma. Osmund alizaliwa Songea. Alibatizwa, akasoma, akafanya vizuri katika hesabu na vibaya katika nidhamu. Alipenda ukoko. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na kutoka huko alivuka bahari. Hapo mwalimu aliinua uso, akamtafuta mama kwa macho, akasema yaliyobaki bila kusoma.

"Marehemu ameacha mama, ameacha mdogo wake mmoja wa kike, na ameacha timu. Timu hiyo mimi siipendi. Lakini niko mbele ya kaburi na siwezi kusema uongo. Ni mabingwa wa Uingereza."

Watu hawakujua waweke wapi nyuso zao. Baba Mkubwa alitazama jembe. Aliyeanza kucheka ni mama. Alicheka kidogo, halafu sana, kanga ikamteleza kichwani, mkono akiwa amemnyooshea mwalimu kama anamwambia angoje, angoje kwanza; na kicheko kile hakikusimama, kilikwenda moja kwa moja hadi kikawa kilio, kilio kikubwa chenye jina la mwanawe ndani yake, na wanawake wa Maposeni, waliokuwa wamekingoja tangu asubuhi, wakampokea.